Jumamosi Kwenye Kivuko cha Babu

Simu ya msiba ilimkuta Kinda kwenye mashine ya kusagia lenzi, katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa", akailaza simu juu ya kitambaa, kisha akarudi kumalizia lenzi aliyokuwa ameianza. Alisaga kingo, akaijaribu kwenye fremu, ikakaa. Akaifuta vumbi. Ndipo alipovua aproni, akaenda mbele kumwambia mwenye duka kwamba kaka yake amefariki na kwamba anaomba ruhusa.

Jambo hilo la lenzi lilimwandama. Mwenye duka hakuwa mtu wa kukaa na neno mdomoni, na msiba haujaisha tayari lilikuwa limezunguka jamvi zima: amepigiwa simu, kaka yake wa pekee, tumbo moja, naye akaendelea na kazi! Kisha watu wakamwangalia usoni, wakaona macho makavu. Wengine wakasema anajikaza kisabuni, atapasuka tu. Wengine wakasema huyo moyo wake ni jiwe. Kinda mwenyewe aliwasikia, maana msibani watu hunong'ona kwa sauti kubwa kuliko wanavyodhani.

Jina lake la nyumbani lilitokana na kuwa kitinda mimba. Mama yao alilikata neno hilo katikati, likabaki Kinda. Kaka alikuwa Kasia. Alizaliwa mrefu, mwembamba, miguu isiyoisha, na mama yao, ambaye alikulia ukingoni mwa mto, kila alichokiona alikifananisha na chombo cha majini. Kasia alikuwa fundi wa mabasi. Siku hiyo aliingia chini ya basi akiwa mzima, akiimba kwa ile sauti yake mbovu ambayo gereji nzima iliizoea, na wimbo ulipokatika wenzake walidhani amekutana na nati inayokataa kufunguka. Walimwita mara ya kwanza wakicheka. Moyo ulikuwa umesimama.

Baada ya mazishi Kinda alirudi kazini. Alikula akipewa chakula, alilala akifika kitandani, aliwaitikia wateja. Hakuna kilichomuuma na hakuna kilichompendeza. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unauona pale, unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa cha mtu mwingine. Alingoja ganzi itoke. Majirani wakaacha kuleta pole, picha ya Kasia ikawekwa kwenye fremu, naye akawa bado anangoja, mpaka akasahau kwamba anangoja.

Ndipo wifi yake alipompigia simu. Huyu alikuwa mjane wa Kasia, mwalimu wa chekechea, na miaka mingi ya kuzungumza na watoto ilikuwa imemharibu: hata mtu mzima alimwambia mambo polepole, kwa sauti ya juu, kana kwamba anamfundisha kufunga kamba za viatu.

"Wifi," alisema, "Jumamosi tunampeleka mama mtoni. Unasikia? Mtoni. Kule kwao."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliahidiwa. Kaka yako kila mwezi alikuwa anasema mwezi ujao, mama, mwezi ujao. Sasa mwezi ujao ndio huu. Unakuja?"

"Nakuja," alisema Kinda. Angealikwa kwenda kuchanjwa angejibu vivyo hivyo.

Matembezi ya wikendi yalikuwa kazi ya Kasia. Yeye ndiye aliyewakusanya, akawapakia, akawapeleka huku na huko: bustani ya wanyama, maporomoko, uwanja wa ndege kutazama ndege zikiruka, kwani hilo halina kiingilio. Tangu afe gari lake lilikuwa limekaa uani likikusanya majani. Jumamosi hiyo wifi alilitoa mwenyewe. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya ile miguu mirefu, na hakukirudisha mbele. Aliweka mto mnene mgongoni, akausogelea usukani, akaendesha akiwa ameinama mbele kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mama, kile kiti kina kishikio chini, ukikivuta kinasogea," alisema binti yake kutoka nyuma. Alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa amenuna tangu walipotoka nyumbani.

"Najua kilipo."

Kinda aliiona mikono ya wifi yake imebana usukani mpaka vifundo vimepauka. Aliiona vizuri sana, kama anavyoona kila siku mchubuko kwenye lenzi, na haikumfikia mahali popote ndani.

Mama yao ndiye aliyekuwa na safari. Alikuwa amevaa gauni lake zuri na viatu vya raba alivyoazima kwa mjukuu. Njia nzima hakufunga mdomo. Hapa palikuwa na shule, pale palikuwa na duka la mtu mmoja mlevi, kona hii gari la pamba lilipinduka na watoto wote wakaenda kuokota. Wakafika darajani.

"Simamisha!" alisema.

"Mama, hapa haparuhusiwi kusimama."

"Basi nenda polepole, nilitukane."

Wifi akapunguza mwendo. Mama akashusha kioo, akalitazama daraja kwa jicho kali kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu akapandisha kioo. "Limezeeka," alisema, na ilionekana jambo hilo limemridhisha.

Chini ya daraja, mahali ambapo zamani palikuwa na kivuko cha babu mzaa mama, sasa palikuwa na bustani ya mapumziko. Kulikuwa na viti vya plastiki, meza zenye miavuli, bembea, muziki usiojulikana unatoka wapi, na ukingoni vimashua vya kukodisha vyenye umbo la bata, vyeupe, vya kukanyaga kwa pedali kama baiskeli. Mama alisimama akaviangalia muda mrefu.

"Watu wazima wanaingia ndani ya bata?"

"Wanaingia, bibi," alisema mjukuu.

"Na wanalipia?"

"Wanalipia."

"Baba yangu angefufuka leo, angekufa tena."

Walitandika chini, karibu na maji, wakatoa mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Mama akaanza kuwaonyesha kwa kidole. Pale, penye lile jiwe lenye mgongo, palikuwa na nguzo. Kamba nene ilifungwa pale ikavuka mpaka ng'ambo, na juu ya maji palikuwa na jukwaa la mbao lililoshikamana na kamba hiyo. Baba yake alisimama mbele, akaikamata kamba kwa mikono miwili, akavuta, jukwaa likaenda. Alivusha mbuzi, maharusi, magunia, waganga na wagonjwa. Mto ukijaa, alivusha wale tu waliokubali kukaa chini na kunyamaza. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli, na watoto wake walipowashwa mgongo walikwenda kwake kukunwa.

"Mama yangu naye alikuwa upande ule," aliendelea, "kwenye matete. Alikata matete, akayaloweka, akasuka mikeka. Nyumba yetu nzima ilinuka matope. Shuleni walituita vyura. Mimi nilipigana sana kwa ajili ya neno hilo. Kasia nilipomsimulia akacheka mpaka akakohoa. Akasema, mama, basi na sisi ni viluwiluwi."

Wifi akacheka, halafu akaangalia pembeni na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono. Binti akamsogelea mama yake bila kuonekana anasogea. Kinda akamenya yai.

"Halafu daraja likaja," alisema mama. "Baba alivuta kamba siku ya mwisho akiwa peke yake jukwaani. Watu wote walikuwa juu, wanaangalia magari."

Akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja. Kisha akasimama, akakung'uta gauni. "Haya. Nataka kuvuka."

"Kuvuka na nini, mama?"

"Na huyo bata. Kuna kingine?"

Wifi alijaribu kumtoa njiani: jua kali, kiuno, presha. Haikusaidia kitu. Mwangalizi wa vyombo, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, aliwavisha jaketi za kuelea, akamweka mama upande wa kushoto na wifi upande wa kulia, akawaeleza kwamba hawavuki, wanazunguka tu humu kwenye maji yaliyotulia, mwisho ni lile boya jekundu. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Bata likaondoka. Binti alikuwa amesahau kununa. Alitoa simu akawapiga picha, bibi yake amekaa wima kama malkia, mama yake anakanyaga pedali kwa bidii ya kazi.

Walipofika karibu na boya kitu kikalia *kreki* na pedali zikaanza kuzunguka bure. Mnyororo ulikuwa umetoka. Si jambo la kutisha. Mwangalizi mwenyewe alisema hutokea. Ila boti yake ya injini ilikuwa ng'ambo, imewapeleka wateja wengine, na upepo ulikuwa umelishika lile bata, unalisukuma taratibu kuelekea kwenye matete, palipo na tope na vigogo.

"Msiwe na wasiwasi!" alipaza sauti mwangalizi. "Kaeni mlivyo! Msifanye chochote!"

Mama alikuwa binti wa mwenye kivuko, na kukaa bila kufanya chochote juu ya maji kulimshinda. Akaanza kutoa amri. Mwanangu, inama kulia! Sasa piga maji kwa mkono! Si hivyo, nyuma, nyuma! Wifi akatii kila neno, na kwa kuwa jukwaa la mbao ni kitu kimoja na bata la plastiki ni kingine, bata likazunguka mara mbili kama linalotafuta mkia wake, likaingia kwenye matete kinyumenyume na kunasa. Watu kwenye meza walikuwa wamesimama wanaangalia. Mama alikuwa anamlaumu mtengenezaji.

Kinda alivua viatu. Hakumwambia mtu. Alishuka ukingoni akiwa na gauni lake la kutokea, akaingia majini, magoti, mapaja, kiuno, akipita kwenye tope linalovuta miguu, mpaka akalifikia bata na kuikamata kamba iliyoning'inia mbele yake. Akageuka, akaiweka begani, akavuta. Lilikataa kwanza, halafu matete yakaachia. Akaja nalo polepole akiwa ameinama, nyuma yake mama na wifi wamenyamaza kabisa, mpaka tumbo la bata likakwaruza changarawe.

"Shangazi," alisema binti. "Shangazi, mguu wako."

Kinda akaangalia. Maji yaliyokuwa yanatiririka kutoka kwenye unyayo wake wa kushoto yalikuwa mekundu, na nyuma yake, juu ya changarawe, palikuwa na alama nyekundu kila alipokanyaga. Aliinua mguu. Kioo, pengine chupa, kilikuwa kimepita kutoka chini ya kidole gumba mpaka katikati ya unyayo. Nyama ilikuwa imefunguka kama mdomo.

"Hukusikia?" aliuliza wifi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa ya chekechea.

"Sikusikia."

"Hata sasa?"

Kinda alifikiri kidogo, akitaka kujibu ukweli. "Nasikia ni baridi," alisema. Kisha akaongeza, "Labda si baridi. Sijui."

Mama akavua mtandio wake, akaukunja, akaufunga mguu kwa nguvu.

Zahanati ilikuwa karibu na barabara kuu, nyumba ndefu yenye rangi ya kijani kibichi iliyofika nusu ya ukuta. Waliambiwa wangoje. Walikaa kwenye benchi, Kinda mguu wake juu ya mapaja ya mama yake. Wifi na binti walikwenda kutafuta ndara, maana viatu visingeingia tena juu ya bandeji.

"Babu yako alikuwa na kazi nyingine," alisema mama. Alikuwa anaangalia mbele, ukutani, penye picha ya namna ya kunawa mikono. "Sikuwahi kuwasimulia. Kasia mwenyewe sikumwambia, alikuwa mtu wa kucheka, nikaona nimwache na cheko lake."

"Kazi gani?"

"Mto ukimchukua mtu, walimwita yeye. Walikuja mpaka kutoka vijiji vya mbali. Aliyajua maji, alijua yanapeleka wapi. Alizama, akatafuta kwa mikono, akamtoa. Watu wazima, watoto. Mara moja alimtoa rafiki yake, aliyekua naye. Alimbeba mpaka kwa mkewe, akamlaza, akarudi kwenye kivuko. Kulikuwa na watu wanangoja kuvuka. Akawavusha."

Kinda aligeuka akamtazama mama yake.

"Watu walimsema. Walisema hana moyo. Mimi nilikuwa mdogo, nikaamini. Maana kweli alikuwa pale nyumbani kama gogo. Ukimwekea chakula, anakula. Ukisahau kumwekea, haulizi. Siku moja alinyanyua sufuria kutoka motoni kwa mikono mitupu, akaja nayo mpaka tulipokaa. Mama akapiga kelele. Yeye akauliza, kuna nini? Viganja vimebabuka, anauliza kuna nini."

"Ganzi hiyo ikamtoka lini?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nacheza. Siku nyingine nilimwona anacheka na mbuzi, basi. Lini hasa, siwezi kukudanganya." Akaupapasa mguu wa binti yake juu ya mtandio. "Ile siku ya lenzi watu walikuja kunieleza kama wananiletea habari. Nikawasikiliza. Nikajisemea moyoni, huyu namjua. Huyu nimelelewa naye."

Muuguzi akaita. Alikuwa kijana wa haraka haraka mwenye miwani iliyolegea masikioni, na alipokuwa anachoma sindano ya ganzi alimwambia Kinda ajikaze, itauma. Kinda akaitazama miwani yake. Vishikio vilitaka kukunjwa kidogo tu nyuma ya sikio. Mama yake, aliyesimama kando, ghafla akaanza kucheka, cheko la kimyakimya lililomtikisa mabega.

"Nini, mama?" aliuliza Kinda.

"Anakuchoma ganzi," alisema mama, na machozi yakawa yanamtoka. "Wewe! Anakuchoma ganzi wewe!"

Muuguzi hakuelewa. Kinda alielewa, na akaona kwamba ni jambo la kuchekesha. Aliona tu, cheko lenyewe halikuja. Alimshika mama yake mkono mpaka nyuzi zikaisha.

Kurudi, mama alilala kabla hawajafika darajani, kinywa wazi, kichwa begani kwa mjukuu. Binti naye akalala. Kinda alikaa mbele, mguu juu ya dashibodi, kwenye ndara moja ya bluu. Wifi aliendesha vizuri zaidi kuliko asubuhi. Mto ule bado ulikuwa mgongoni kwake, umeanza kubonyea.

"Wifi," alisema Kinda baada ya muda mrefu, "mimi sijamlilia. Nataka ulijue kutoka kwangu."

"Nalijua."

"Nilimpenda."

"Hilo nalo nalijua." Wifi alimpisha mwendesha baiskeli, akarudi njiani. "Nilikukasirikia. Siku za mwanzo. Nikasema huyu amekuja kula pilau ya watu." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Halafu nikaona, mimi nalia kila siku. Nalia bafuni, nalia darasani watoto wakiwa wamelala. Nikasema basi, hili la kulia nyumba hii inalo la kutosha. Nimelia ya kwangu na ya kwako. Usikimbilie."

Kinda alitaka kusema asante. Badala yake alinyoosha mkono, akauweka kwenye mgongo wa kiti cha dereva, juu ya ule mto, akauacha hapo. Ukaanza kumfa ganzi, ile ya kawaida ya damu kukosa njia, naye hakuuondoa mpaka walipofika nyumbani.

Wiki iliyofuata alikaa kwenye mashine na mguu juu ya sanduku la fremu. Mama aliagiza kwamba mwezi ujao wanakwenda tena, si kwenye bata, bali kuvuka ng'ambo, kwa miguu kupitia daraja lao hilo hilo bovu, aone kama jiwe la upande wa pili, ulipofungwa mwisho wa kamba, bado lipo. Wifi alikubali. Binti aliwatumia wote picha ya bibi amekaa wima ndani ya bata, na mama akaenda nayo dukani kuonyesha watu.

Ilikuwa mchana wa katikati ya wiki wakati mteja mmoja, mwanamume aliyekuja kuchukua miwani ya kusomea, alipokaa upande wa mbele na kuanza kupiga mluzi. Hakuwa na kosa. Alikuwa anangoja, na anayengoja hupiga mluzi. Lakini aliupiga vibaya, akirudia kipande kile kile, kila mara akikosea mahali pale pale, na Kinda, akiwa ameshika lenzi juu ya jiwe la kusagia, akahisi kitu kinampanda kutoka tumboni mpaka kooni, cha moto, kisicho na sababu. Alizima mashine. Akachechemea mpaka mlangoni.

"Baba," alisema, "tafadhali, au upige vizuri au uache."

Mteja akanyamaza, ameduwaa. Mwenye duka akainua kichwa kutoka kwenye simu yake. Katika miaka yote aliyomjua hakuwahi kumsikia Kinda akimpandishia mteja sauti. Kinda mwenyewe alisimama pale mlangoni, mkono kwenye fremu ya mlango, uso unamchemka, mguu unapwita. Alikuwa amekasirika. Alilitazama jambo hilo kwa mshangao, kama mtu aliyekuta mgeni amekaa sebuleni kwake bila kubisha hodi.

"Samahani," alisema hatimaye. "Miwani yako inakaribia."

Akarudi ndani, akaketi, akawasha mashine.